Mwanasesere wa Mti na Ulimi Wetu

Tunamhimidi Mwenyezi Mungu, na tunamsalia Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Ama baada ya hayo, tunapenda kuwasimulia ndugu zetu wasomaji jambo lililotufika nyumbani mwetu, huenda wazazi na vijana wakapata faida ndani yake.

Siku moja tulirejea msikitini baada ya sala ya laasiri, tukamkuta binti yetu wa miaka tisa ameinamia kitabu barazani, hata salamu yetu hakuisikia. Kilikuwa hadithi ya Pinocchio, mwanasesere wa mti asemaye na kukimbia kama mwana wa binaadamu. Tulighadhibika. Atiaye roho ni Mwenyezi Mungu peke yake. Vipi mtoto wa Kiislamu asome kwamba gogo lina uhai? Tukakiweka juu ya kabati, asikoweza kufikia. Mtoto hakulia, alisema tu kwamba kitabu si chake, amekiazima kwa mwenzake wa jirani.

Siku ya pili yule mwenzake akapiga hodi. Nasi, kwa kuona uzito wa kueleza, tukamjibu kwamba kitabu hatukukiona. Akaenda zake. Binti yetu alikuwa kasimama kando, akitutazama. Hakututazama macho, alitutazama pua.

Maana ya mtazamo ule hatukuifahamu mpaka usiku, tulipokishusha kitabu tukakisoma wenyewe. Mtungaji wake ni Mtaliana wa mji wa Florence, Carlo Lorenzini, aliyejiita Collodi. Aliianza hadithi hii katika gazeti la watoto mwaka 1881, na mwaka 1883 ikatoka kitabu. Seremala maskini, Geppetto, anauza koti lake wakati wa baridi ili amnunulie mwanasesere wake kitabu cha kusomea. Naye anakiuza akatazame mchezo. Akisema uwongo, pua yake hurefuka. Akiacha masomo kufuata anasa, hugeuka punda. Mwisho anamkuta baba yake tumboni mwa papa mkubwa, anamwokoa, na anafanya kazi kwa jasho lake ili amtunze mzee yule mgonjwa. Ndipo anapokuwa mtoto wa kweli.

Tulikifunga kitabu tumetahayari. Tuliogopa mti uliotiwa roho hadithini, tusiuogope ulimi wetu wenyewe.

Tukakumbuka khabari mbili tulizozisoma zamani. Ya kwanza ni ya Bibi Aisha (R.A.), aliyekuwa na wanasesere wake. Mtume (S.A.W.) aliona kati yao farasi mwenye mabawa ya vitambaa, akamwuliza, farasi naye ana mabawa? Bibi Aisha akamjibu kwamba Nabii Suleiman alikuwa na farasi wenye mabawa. Mtume hakumkemea, alicheka mpaka magego yake yakaonekana. Ya pili ni ya mama aliyemwita mwanawe aje ampe kitu. Mtume akamwuliza alikusudia kumpa nini, akasema, tende. Akamwambia kwamba lau asingempa kitu, angeandikiwa uwongo. Ikiwa ahadi ndogo kwa mtoto ina hesabu hiyo, je, sisi tuliomkana mtoto wa watu mali yake mlangoni?

Asubuhi tulimshika binti yetu mkono, tukaenda kwa jirani, tukarudisha kitabu na kumtaka radhi yule mtoto. Ni kazi nzito, mtu mwenye ndevu kumtaka radhi mtoto. Lakini hapana njia nyingine. Tulipokuwa tukirudi, binti akauliza:

"Baba, pua ya mtu hurefuka kweli?"

Tukamwambia: "Hairefuki, mwanangu. Hiyo ni mifano ya watu, na roho haitii ila Mwenyezi Mungu. Lakini uwongo wetu wa jana umeandikwa, nasi tumetubia."

Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Basi naweza kukiazima tena? Sijafika kwa papa."

Tulimruhusu, na tukakimaliza pamoja, tukimweleza kila palipohitaji maelezo.

Enyi wazazi, visomeni vitabu vya watoto wenu kabla ya kuviruhusu au kuvikataza. Nanyi vijana, mkisoma kisa, shikeni mafunzo yake, wala msiyaache yaliyo ya dini yenu. Na sote tujue kwamba kitabu ambacho mtoto hukisoma kila siku, bila ya kukiazima kwa mtu, ni sisi wazazi wake.

Mwenyezi Mungu atujaalie ukweli wa ulimi na moyo. Amin.