Mzani ulipogoma, binti alikuwa akisikiliza

Kwa wiki 11 mfululizo mzani ulisema kitu kile kile: kilo 84. Mama huyu wa watoto watatu, mkazi wa Mbagala jijini Dar es Salaam, alikuwa akiupanda kila Jumamosi alfajiri, kabla hata ya kunywa maji, akiwa amejifunga khanga moja tu. Akishuka anausogeza karibu na kabati na kuupanda tena, labda sakafu haikuwa sawa. 84.

Alianza akiwa na kilo 93. Presha yake ilikuwa 152 kwa 96, na hapo tayari anameza dawa. Mama yake mzazi yuko humo humo ndani, mwaka wa nne sasa, tangu kiharusi kimpooze upande wa kulia. Yeye ndiye anayemwogesha na kumgeuza kitandani. Kwa hiyo hakuhitaji mtu wa kumweleza kwa nini apungue.

Aliacha soda. Ugali ukawa nusu ya ule wa zamani, mchicha ukaongezeka, sukari kwenye chai ikapungua. Jioni akitoka kazini alishuka kwenye daladala vituo viwili kabla ya kwake, akamalizia kwa miguu. Ndani ya miezi mitano kilo 9 ziliondoka. Majirani waliona, na gauni la kitenge likarudi kwa fundi kubanwa.

Kisha zikagoma.

Waliopita njia hii wanajua kwamba kipindi hiki ni kigumu kuliko mwanzo. Mwanzoni kujinyima kuna malipo, kila Jumamosi unapata chako. Baadaye unajinyima vile vile, unatembea kwenye vumbi lile lile, na malipo hakuna. Shoga yake mmoja akamletea chai ya kupunguza tumbo iliyonunuliwa kupitia simu. Aliinywa siku nne, akashinda chooni, mzani ukashuka kilo moja na nusu. Wiki iliyofuata zikarudi zote. Nyingi ya chai hizo zina majani ya kuharisha. Kinachotoka ni maji, mafuta yanabaki pale pale, na kwa mtu mwenye presha anayemeza dawa huo ni mchezo wa hatari.

Yakabaki maneno. Kila Jumamosi akishuka kwenye mzani alijisema kwa sauti: "Limwili gani hili lisilosikia?" Au: "Mimi hata nikila hewa nitanenepa tu." Hakuna aliyemjibu, akadhani hakuna anayesikia.

Siku moja alirudi kutoka dukani akamkuta binti yake wa miaka 11 juu ya mzani, amevua viatu na sweta ya shule, amebana pumzi. Alipomuuliza anafanya nini, mtoto alijibu kama anayetoa taarifa ya kawaida kabisa:

"Nimeongezeka nusu kilo, mama. Ndiyo maana leo sijala shuleni."

Mtoto wa miaka 11 anatakiwa kuongezeka. Asipoongezeka ndipo mzazi apate wasiwasi. Mama alikaa kitandani, hakupata la kusema. Usiku ule alimwambia mumewe kwamba kesho mzani unakwenda jalalani na yeye na kupungua basi tena.

"Mama watoto, usiutupe kwanza," mume akasema. "Jumanne si tarehe yako ya kliniki? Kamuulize nesi."

Nesi alimpima: 131 kwa 83, kwa kidonge kile kile cha mwanzo. Akarudi kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la kliniki, akasoma, akamtazama. "Sasa mama, wewe unalalamika nini?"

Mama akaeleza. Nesi akamjibu kwa mfano wa barabarani. Daladala tupu halinywi mafuta kama lililojaa abiria. "Wewe umeshusha mzigo wa kilo 9. Chakula kilichokupunguza ulipokuwa na 93, ukiwa na 84 ndicho kinachokutosha."

Na si hilo tu. Mwili ukiona unapungua, nao hubana matumizi na kuongeza njaa. Mwaka 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani, mtaalamu Ancel Keys aliwapunguzia chakula wanaume 36 waliojitolea, kwa muda wa miezi sita hivi. Walihisi baridi, walichoka, na kutwa waliwaza kula. Hawakuwa wavivu wala walafi. Ndivyo mwili unavyojilinda na njaa, na haujui kama njaa yenyewe ni ya ukame au ya kujitakia.

Lakini nesi hakumwachia hapo. Alimuuliza swali ambalo hakulitegemea: "Chupa ya mafuta ya lita moja inakaa siku ngapi kwako?"

Mwanzoni ilikaa siku 10. Siku hizi wiki haifiki. Kile kijiko alichopimia mafuta miezi ya kwanza kilikuwa kimerudi kabatini, na mkono unamimina kwa mazoea. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia kina kalori kama 120. Halafu kuna sahani za watoto: nusu chapati hapa, tonge mbili za wali pale, chakula kisitupwe. Akina mama wengi hula milo minne kwa siku, mitatu yao na mmoja wa makombo, na huo wa nne hawauhesabu.

Kuhusu kujiita mshindwa, hesabu yake ilikuwa mbovu. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002 uliwafuata watu waliokuwa karibu kupata kisukari. Kundi moja lilipewa lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi, kama kutembea haraka, dakika 150 kwa wiki. Hatari yao ya kupata kisukari ilipungua kwa asilimia 58 kulinganisha na waliopewa vidonge visivyo na dawa. Asilimia 7 ya kilo 93 ni kilo sita na nusu. Mama huyu alishapita hapo akiwa anajitukana.

Mzani haukutupwa. Ulipandishwa juu ya kabati, unashushwa mara moja kwa mwezi watoto wakiwa shule. Kijiko kilirudi jikoni. Watoto wanapakuliwa kidogo, wanaotaka wanaongezwa. Kiuno anakipima kwa futi ya fundi cherehani.

Kigumu kilikuwa kuzungumza na binti. Alimwambia wakiwa wanachambua mboga. "Mimi napungua kwa sababu ya presha. Wewe unakua. Hayo ni mambo mawili."

Binti alichambua matawi kadhaa kabla ya kuuliza: "Bibi naye alikuwa na presha?"

"Alikuwa nayo. Hakuwa anaijua."

Mwezi uliofuata mzani ulisoma 84. Uliofuata pia. Kiuno kilikuwa kimepungua sentimita mbili. Mwezi wa tatu ukasoma 83, na jioni hiyo hakuna aliyeuliza. Binti alikuwa chumbani anamlisha bibi uji. Bibi alipogeuza uso kwamba ametosheka, mtoto aliinua kikombe akamalizia uliobaki.