Usiuze Gitaa Lako kwa Sababu ya Vijiti Sita

Wadau, leo naongea na wapiga gitaa la umeme, hasa nyinyi wenye magitaa ya bei ya chini ambao kila mkitoka nayo mnaambiwa "hilo si gitaa, hiyo ni fanicha." Msimamo wangu najua utawaudhi watu wa maduka na mafundi kadhaa, lakini wacha niseme tu. Magitaa mengi ya bei nafuu hayana shida ya mbao, hayana shida ya jina lililoandikwa kichwani, na hayahitaji seti ya pikapu za kuagizwa Marekani ambazo, ukiongeza usafirishaji na ushuru, zinaweza kupita bei ya gitaa lenyewe. Mara nyingi shida iko kwa vipande sita vidogo vya chuma unavyoviona kila siku na hujawahi kuuliza kazi yavyo.

Pikapu, na sisemi ile ya kubeba viazi kutoka Nyandarua, ni kile kisanduku kilicho chini ya nyuzi. Ndani kuna bobini, karibu kama ya cherehani, imezungushiwa waya wa shaba mwembamba kuliko unywele, zaidi ya mara 7,000. Katikati ya bobini kumesimama vijiti sita, kimoja kwa kila uzi. Sumaku inaufanya uzi wenyewe uwe na usumaku kidogo. Uzi ukitetemeka, nguvu ya sumaku inayopita ndani ya koili inatikisika, na koili inatoa umeme mdogo sana unaoenda kwa amplifaya. Kwa hivyo pikapu inafuatilia mtikisiko wa chuma tu, na ndiyo maana ukifunga nyuzi za nailoni kwa gitaa la umeme utapata kimya.

Sasa tuje kwa vijiti. Gitaa la Stratocaster lilipotoka California mwaka 1954, vijiti vyake vyenyewe vilikuwa sumaku, vya mchanganyiko unaoitwa alniko: chuma pamoja na alumini, nikeli na kobalti. Magitaa mengi ya bei nafuu yenye umbo lilelile yametengenezwa tofauti. Ukiyageuza pikapu utaona kipande cheusi au cha kijivu kimebandikwa chini kwa gundi. Hiyo ni sumaku ya seramiki. Vile vijiti sita unavyoviona juu ni chuma cha kawaida kinachopandisha nguvu ya ile sumaku hadi kwa nyuzi. Kwa macho huwezi kutofautisha. Kwa masikio, maze, ni vitu viwili.

Sababu yake haina uchawi. Chuma cha kawaida kikikaa ndani ya koili kinaipa koili uzito fulani wa umeme, mafundi wanaita indaktansi, unaopimwa kwa henri. Pikapu ya aina hii yenye vijiti vya alniko huwa kati ya henri 2 na 3 hivi. Koili ileile ukiiwekea chuma, namba inapanda, kwa sababu chuma laini kinakusanya nguvu ya sumaku kuliko alniko. Indaktansi ikipanda, sauti zile za juu kabisa, zile za kumetameta, zinakatwa mapema. Halafu ndani ya chuma kunazunguka mikondo midogo ya umeme inayokula nguvu, na inayoumia zaidi ni hizo hizo sauti za juu. Unabaki na sauti nene, iliyojaa katikati, kama mtu anayeongea akiwa amejifunika blanketi. Ukiongeza trebo kwa amplifaya unaongeza kelele, ile nuru haiji.

Hapa ndipo ninapokasirikia wauzaji. Ukienda kununua pikapu unaambiwa "hii ni kilo-om 6, ile ni kilo-om 8, hii moto." Chukua mita yako upime pikapu yenye vijiti vya chuma. Toa vijiti, weka alniko, pima tena. Kilo-om ni zilezile! Waya haujabadilika, urefu haujabadilika, lakini sauti imebadilika hadi mama jikoni anasikia. Sasa ile namba uliyouziwa ilikuwa inakuambia nini? Ilikuwa inakuambia habari ya waya tu, na hata hiyo nusu nusu.

Haya yote yangekuwa stori ya watu wa vifaa kama si binamu yangu. Binamu anapiga gitaa la solo kwa bendi ya benga huko upande wa Ahero, harusi na matanga, wikendi hadi wikendi. Na benga ni muziki usiosamehe pikapu yenye blanketi. Mtindo huu ulikua kwa Waluo wa kando ya ziwa, na wapigaji wake walihamishia kwa gitaa mambo ya nyatiti, ule uzani wa nyuzi nane zinazokimbizana. Sikiliza kazi za D.O. Misiani na Shirati Jazz: gitaa la solo linaimba na mwimbaji, halafu mwimbaji akinyamaza linapanda juu peke yake na kukimbia. Noti moja lazima iachane na nyingine. Zikishikana, densi inaanguka.

Binamu alienda kurekodi, prodyuza akamwambia gitaa lake "linapotea chini ya kinanda," na kwamba sehemu yake ya solo itapigwa kwa kompyuta. Yaani kijana ametoka Ahero na gitaa mgongoni, akaambiwa akae pembeni atazame programu ikimwigiza. Akanipigia akisema, "Omera, nauza hii kitu, nitafute kazi ya boda." Hakuwa anatania. Alikuwa tayari amepata mnunuzi.

Nikamwambia angoje wiki chache. Niliagiza vijiti vya alniko 5 kutoka Uchina, unene wa milimita 5, baada ya kupima vya kwake kwa kalipa. Pima kwanza, kwa sababu kikiwa kinene kidogo tu utapasua bobini. Tukalegeza nyuzi, tukafungua ile sahani ya plastiki. Hatukuhitaji hata kulehemu. Tulipasha gundi joto kwa mashine ya kukausha nywele ya dada yake, tukaitoa seramiki polepole kwa kisu cha siagi. Kabla ya hapo tulikuwa tumeweka dira juu ya pikapu na kuandika ni upande gani wa sindano unavutwa. Hiyo hatua usiiruke. Sumaku mpya ikielekea upande tofauti na ile ya zamani, ukichanganya pikapu mbili kwa ile swichi, sauti zao zitapingana na utapata kitu chembamba, kitupu, kama gitaa linapiga ndani ya mtungi.

Vijiti vya chuma vilitoka kimoja kimoja kwa jiliwa la fundi baiskeli, tukivisukuma na boliti butu. Vya alniko vikaingia kwa njia hiyo hiyo, vyote vikielekea upande mmoja.

Sasa onyo, na nalisema kwa sauti. Hii inawezekana kwa pikapu zenye bobini ya plastiki, ambapo kuna ukuta kati ya kijiti na waya. Pikapu za mtindo wa zamani hazina ukuta huo, waya umezungushwa moja kwa moja juu ya sumaku. Ukisukuma kijiti pale, unakata waya mwembamba kuliko unywele wako, na pikapu imekufa. Kama una Fender ya kweli, ya mjomba aliyerudi kutoka ng'ambo, weka hiyo bisibisi chini na utoke kwa hicho chumba.

Binamu alipofunga nyuzi na kuwasha, kitu cha kwanza alichosema ni kwamba sauti imepungua. Ni kweli, ilipungua. Seramiki na chuma vinasukuma kwa nguvu, na ukiviondoa unapoteza kiasi cha sauti. Tukainua pikapu karibu na nyuzi, tukaongeza amplifaya kidogo, halafu akapiga ile mikimbio yake ya juu. Nilisikia kila kidole. Blanketi lilikuwa limetoka. Usiinue sana, lakini: vijiti ambavyo ni sumaku vyenyewe vikikaribia nyuzi nene vinazivuta, na noti za juu kwenye freti za mwisho zinaanza kuyumba kana kwamba gitaa halijatuniwa. Anzia na nafasi ya milimita 2 hivi ukiwa umebana freti ya mwisho, kisha usikize.

Je, kila mtu afanye hivi? La. Kama unapiga roki nzito, ile sauti nene ya chuma na seramiki inashika distoshoni vizuri kuliko alniko, na ningekuambia uache ilivyo. Na kama una gitaa lenye humbaka, ile pikapu pana ya koili mbili, una bahati zaidi: safu moja ya vijiti huwa ni skrubu. Chukua bisibisi. Uzi ukinyamaza kuliko wenzake, pandisha skrubu yake mzunguko mmoja, sikiza. Hiyo ni bure. Kuna watu wanauza skrubu za "chuma maalum" za humbaka kwa bei ya kutisha, wakisema utasikia malaika. Aina ya chuma ina athari, sikatai, lakini ni ndogo, na kwa jukwaa lenye ngoma na besi hakuna malaika utakayemsikia. Kupandisha na kushusha skrubu utasikia. Hela zako peleka kwa nyuzi mpya.

Kitu cha mwisho kilichonifurahisha kuliko vyote kinahusu urefu wa vijiti. Kwenye Stratocaster za mwanzo vijiti havikuwa sawa, cha uzi wa tatu kilisimama juu sana. Wakati huo uzi wa tatu ulikuwa umezungushiwa waya kama zile nene, na ulihitaji msaada. Baadaye watu wakaanza kutumia uzi wa tatu mtupu, ambao una sauti kubwa, lakini viwanda vingi vikaendelea kunakili urefu ule ule hadi leo. Ndiyo maana magitaa mengi yana uzi wa tatu unaopiga kelele na wa pili unaonong'ona, na mwenye gitaa anajilaumu vidole.

Kwa ile bobini ya plastiki ya binamu, urefu tulichagua wenyewe. Tuliacha cha kwanza na cha pili juu, maana ndiko solo ya benga inakokimbia, tukashusha cha tatu karibu milimita moja kwa kidole gumba. Akapiga, akatikisa kichwa, akasema kishuke kidogo tena. Tukakishusha. Mnunuzi alipiga simu jioni hiyo, na binamu alikuwa ameshika gitaa kwa mikono yote miwili, kwa hivyo nilipokea mimi.