Kariokor: Jino, Moto na Mzigo wa Wapagazi

Msafiri wa Pwani afikapo Nairobi hujikuta Kariokor kwa haja mojawapo ya mbili: makaburi ya Waislamu, tunakowasindikiza ndugu zetu, au soko la kazi za mikono. Sokoni mna viondo vya mkonge, shanga, mikoba na viatu vya ngozi, na fundi hushona mbele ya mnunuzi.

Jina lenyewe ni Carrier Corps, lililotiwa lafudhi yetu: kikosi cha wapagazi waliobeba mizigo ya jeshi la Waingereza katika vita vya 1914 hadi 1918. Kariakoo ya Dar es Salaam ina asili hiyo hiyo. Kabla yao, wapagazi wa misafara walikwisha kuchubuka mabega kwa pembe za ndovu na meno ya kiboko, mizigo iliyoshushwa Bagamoyo na Mombasa ili ivushwe ng'ambo. Ya ndovu twaiita pembe, lakini nayo ni jino.

Huko ng'ambo meno yalichongwa vitu vingi, na kimojawapo ni kijaluba cha kiberiti. Wazee wetu walipekecha moto kwa vijiti viwili. Njiti za kiberiti zilianza kuuzwa Uingereza mwaka 1827, na zilizofuata, zenye fosforasi, ziliweza kuwaka kwa msuguano hata mfukoni. Ndipo zikafanyiwa vijaluba vya fedha, vya pembe za ndovu, hata vya meno ya nguruwe mwitu, vyenye kifuniko na mahali pa kukwaruzia.

Leo huuzwa kama tunu za kale. Je, yafaa familia ya Kiislamu kuvinunua? Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii, jino la mnyama asiyechinjwa kisheria ni najisi. Wahanafi huliona tohara, ila la nguruwe.

Juu ya hayo, Kenya ilipiga marufuku biashara ya nyara za wanyamapori mwaka 1978, na sheria ya 2013 yakataza kuwa nazo bila kibali. Mwaka 2016 tani 105 za pembe za ndovu ziliteketezwa katika Mbuga ya Nairobi. Kwa hiyo aliyeachiwa na bibi yake bangili au kijaluba cha pembe asikiuze wala kusafiri nacho; na aulize kwanza kwa maofisa wa KWS.

Mwenye kutaka zawadi, Kariokor pana kiondo: ujira humfikia msusi, wala hapana mnyama aliyeuawa. Mwenyezi Mungu awarehemu wapagazi waliofia mbali na kwao, atujaalie riziki ya halali. Amin.