Gari Hii Ni Yamaha Ngapi?

Kwetu Manda ndege hutua kila siku, lakini gari huna pa kulipeleka. Abiria akitoka uwanjani anatembea hadi gatini, anapanda boti, anavuka kwenda Lamu au Shela. Baba amekuwa akivusha watu hivyo tangu kabla sijazaliwa. Kwa hiyo ukiniuliza mtoto wa kisiwa alipatia wapi ugonjwa wa Subaru, nitakwambia ni Mombasa, chuoni, mwaka wa 2018. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa nne aliwasha Impreza yake asubuhi na vioo vya chumba chetu vikatetemeka. Nilitoka nje na mswaki mdomoni.

Kenya hii Subaru si gari tu. Wazee wanakumbuka Patrick Njiru akiliendesha kwenye Safari Rally, na mwaka wa 1997 Colin McRae akaja akashinda na Impreza. Sisi wa juzi tulirithi ule mlio. Injini yake haisimami kama ya Toyota. Pistoni nne zimelala ubavu, mbili huku mbili kule, zinarushiana ngumi. Nayo inaunguruma kama mtu anayesafisha koo kabla ya kusema jambo zito.

Nilikuwa nasomea uhandisi wa mitambo na nilikuwa nafeli hesabu. Hilo sikumwambia mtu. Usiku nilikuwa nasoma karatasi za mnada za Japani. Nikajua kwamba gari la gredi 4 lina afya, la 3.5 lina mikwaruzo, na la R liligonga likatengenezwa. Nikajua kwamba Mjapani huuza gari zima kabisa kwa sababu ukaguzi wao wa lazima, gari likishazeeka kidogo, huja kila baada ya miaka miwili na una gharama. Nikajua pia kwamba Kenya haipokei gari la mtumba lililopita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa hiyo turbo za zamani zote utakazoziona barabarani ziliingia kitambo na zimeshapita mikono mingi. Hayo yote niliyajua. Ndiyo yaliyonidanganya kwamba najua.

Machi 2020 korona ilifunga vyuo na kufunga watalii. Baba alikuwa na boti moja na injini mbili za Yamaha, farasi 40 kila moja. Moja ya kazi, nyingine ya akiba. Vyuo vilipofunguliwa Januari 2021 aliiuza ile ya akiba akanitumia Sh120,000 za karo. Kwenye simu alisema tu, "Soma, mwanangu. Hii ilobaki yatosha."

Sikulipa karo. Rafiki yangu alikuwa amepata Forester SG5 ya 2005, ya turbo, mwenyewe anahama nchi na anataka Sh420,000 za haraka. Tulipanga kuirekebisha na kuiuza kwa faida ndani ya miezi mitatu, halafu nirudi darasani bila mtu kujua. Nikatia Sh120,000 za Yamaha na vijisenti vya makala nilizokuwa nimeandikia watu. Rafiki akamalizia. Siku ya kwanza nilipowasha, sauti ya mwanamke ikanisalimu kwa Kijapani kutoka kwenye dashibodi. Kila mwenye gari la Japani anamjua huyo dada. Anakukumbusha kwamba hujaingiza kadi ya kulipia barabara za kule kwao. Nikamjibu, "Ahsante, mama."

Fundi wetu alifungua boneti, akatazama, akauliza swali moja tu.

"Taimingi belti ilibadilishwa lini?"

Gari lilikuwa limetembea kilomita 138,000, na mkanda huo hubadilishwa kwenye 100,000. Nikamwonyesha stika ya Kijapani iliyobandikwa kwenye nguzo ya mlango, ina tarehe na kilomita. "Japani walishabadilisha. Stika hii hapa."

Fundi hakujua kusoma Kijapani. Mimi pia sikujua, lakini nilisema kwa sauti ya mtu anayejua. Alisema kwamba yeye angeubadilisha tu, pamoja na tensheni na pampu ya maji, Sh22,000 mpaka mwisho. Sh22,000 tulikuwa nazo. Tulinunulia ekzosi ya mtumba yenye domo kama sufuria. Gari likaanza kupasua baruti kila ukiachia mafuta, na watoto wa Nyali wakawa wanatupigia makofi.

Miezi mitatu ikapita hatujauza. Kila mnunuzi tulimpandishia bei kidogo, kwa sababu hatukutaka kuliachia. Agosti nikamwomba rafiki anipe gari wiki moja. Nilitaka baba alione. Nimepiga hesabu ya uongo ule mara nyingi na bado sielewi nilikuwa nataka nini hasa. Nadhani nilitaka alisikie likiunguruma, anisamehe kabla sijamwambia kosa.

Kutoka Mombasa mpaka Malindi nilikuwa mfalme. Garsen nikajaza mafuta. Barabara ya Garsen kwenda Lamu siku hizi ni lami nzuri, lakini si barabara ya kuzembea. Januari 2020 basi lilishambuliwa pale Nyongoro, watu wakauawa. Ukipita huko unataka kupita, basi. Nilivuka Nyongoro salama, nikavuka Witu, na kati ya Witu na Hindi, saa kumi na moja jioni, gari likazima.

Halikugonga wala halikutoa moshi. Lilizima kama mtu aliyekatwa kauli. Nikageuza ufunguo, injini ikazunguka haraka na nyepesi, kama baiskeli iliyotoka cheni. Mtu aliyewahi kusikia mlio huo anaujua. Hakuna mgandamizo ndani. Mkanda umekatika, pistoni zimepanda zikakuta vali ziko wazi, na vali zimepinda.

Nilikaa kando ya lami na msitu pande zote mbili, jua linashuka. Nikatoa simu nikapiga picha ile stika na kuipitisha kwenye programu ya kutafsiri. Ilisema: kubadilisha oili.

Dereva wa lori la saruji ndiye aliyenihurumia. Alinifunga kamba akanivuta hadi Mokowe, na hakutaka pesa, alitaka tu nizime taa za hazadi kwa sababu zilikuwa zinamkera kwenye kioo. Asubuhi baba alivuka na boti. Nilimwona kwa mbali ameshika usukani wa injini yake moja. Alilizunguka gari lililokuwa chini ya mwarobaini, akaligonga ubati kwa vifundo vya vidole kama mtu anayejaribu jahazi.

"Washa."

Nikageuza ufunguo. Dada wa Kijapani akasalimu kwanza. Halafu ule mzunguko mwepesi. Baba alisikiliza sekunde tatu.

"Yazunguka bure hii. Ndani kumevundika." Akanyamaza. "Gari hii ni Yamaha ngapi?"

Mwanzo sikumwelewa. Halafu nikamwelewa, na mdomo ukanikauka.

"Tatu na nusu, baba."

"Na moja ni yangu."

Hakuuliza, alisema. Mpaka leo sijui nani alimwambia kuhusu karo, au kama aliona tu usoni pangu. Nilianza kujieleza. Akainua mkono. "Ndoo tule kwanza," akasema, na tukaenda kula mahamri kwenye kibanda cha gatini bila kuzungumza. Nimepigwa na baba mara mbili maishani. Ningependelea hiyo ingekuwa ya tatu.

Gari lilikaa Mokowe miezi mitano. Rafiki yangu hakuongea nami miwili ya kwanza, na alikuwa na haki. Injini ya Subaru ina vichwa viwili, vali 16, na ili uvifungue vizuri inabidi uishushe yote. Mokowe hakukuwa na winchi niliyoweza kuilipia. Baba ndiye aliyekuja na milingoti mitatu ya boti, akaisimamisha juu ya boneti, akafunga makapi mawili na kamba ya nanga. Watu wanne tulivuta, naye akihesabu kama wanavyohesabu kupandisha foromali. Injini ikatoka kwenye gari kama jino.

Vichwa vilisafiri kwa basi hadi Mombasa, vikafungwa kwenye magunia. Vilirudi na vali mpya, gasketi mpya, na kwenye boksi dogo, mkanda. Fundi alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu juu ya boksi: HUU NDIO. Niliufunga mwenyewe, yeye akinielekeza kwa simu ya video, nikihesabu meno kati ya alama na alama, mara tatu, halafu nikazungusha injini kwa mkono na spana kabla ya kugusa ufunguo. Chuoni hakuna somo nililowahi kulirudia mara tatu kwa hiari yangu.

Liliwaka Januari 2022. Nilitoa ile ekzosi nikarudisha ya kwanza, na mwalimu mmoja wa Mpeketoni akalinunua kwa sababu lilikuwa kimya na lina nafasi ya kubebea watoto. Hatukupata faida. Ukitoa vali, gasketi, nauli za basi na deni, tulipata hasara, na rafiki yangu nililimaliza deni lake kwa makala, moja baada ya nyingine, karibu mwaka mzima. Siku hizi watu hunitumia picha za karatasi za mnada niwakagulie kabla hawajanunua. Huwa nawauliza mkanda kwanza. Wakinitumia stika, naitafsiri kabla ya kuwajibu.

Chuo sikurudi. Yamaha nilirudisha. Si ileile, ni nyingine ya mtumba, farasi 40, imekwaruzwa kifuniko. Niliipeleka Manda alfajiri moja, nikaishusha gatini mbele ya baba. Alifungua kifuniko, akatoa plagi, akainusa, akaivuta kamba mara mbili taratibu asikie mgandamizo. Hakusema ahsante na sikuitarajia.

Halafu akainua uso, mzito kama kadhi.

"Mkanda umebadilisha?"

Yamaha ile haina mkanda wa taimingi. Amezifungua na kuzifunga maisha yake yote, analijua hilo kuliko mimi. Nilisimama pale gatini na sikujua nicheke au nilie, na yeye alikuwa ameshageuka anaifunga injini kwenye tezi ya boti, maana ndege ya kwanza ilikuwa inakaribia kutua.