Alienda Kupiga Picha na Simba, Akarudi na Swali la Shosho

Kuna dada mmoja wa Nairobi, miaka ishirini na kitu, aliyekuwa akienda maktaba ya McMillan pale Banda Street kwa sababu moja tu: wale simba wawili wa mawe mlangoni wanatoa picha kali. Nguzo nyuma, simba pembeni, likes zinamiminika. Kuingia ndani? Ya nini, na simu iko mkononi?

Siku moja akamwonyesha shosho wake picha hizo. Shosho, miaka 80 na ushee, akaitazama simu kimya, kisha akasema, "Hao simba nawajua. Sisi tulikuwa tunawaangalia tukiwa barabarani."

Dada akacheka. Baadaye akaingia Google, kicheko kikaisha. Kumbe jengo lilifunguliwa 1931 kama kumbukumbu ya tajiri mmoja mzungu, mzaliwa wa Marekani, na kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kusoma humo. Baraza la jiji lilikuja kulichukua 1962, uhuru ukiwa unabisha hodi.

Wiki iliyofuata akapita katikati ya simba bila kupiga picha. Akaomba magazeti ya Aprili 1954. Alikuwa anatafuta ile Jumamosi ya tarehe 24, askari walipouzingira mji kwenye Operesheni Anvil. Zaidi ya watu 20,000 waliishia kizuizini. Mmoja wao alikuwa babake shosho, aliyebebwa kutoka Pumwani akiwa hata hajanywa chai.

Alisoma mpaka macho yakauma. Askari wana vyeo. Wakubwa wa serikali wana majina na picha. Waliobebwa ni idadi tu, na waliopigania ardhi yao wanaitwa magaidi. Babake shosho hayumo popote.

Hapo ndipo kitu kikamgonga. Serikali ikitaka kutawala kumbukumbu, si lazima ichome vitabu. Inaamua nani aingie, nani aandike, na gazeti lipi litunzwe. Miaka 70 baadaye mjukuu anaingia bila kuzuiwa na mtu, anafungua ukurasa, na bado anasimuliwa na yule yule aliyemfungia shosho nje. Na cha ajabu, akamshukuru Mungu magazeti yale yapo. Bila hayo asingeona hata hilo pengo.

Jioni akawasha rekoda ya simu. Shosho akaongea saa mbili: jina la baba, rangi ya koti lake, lori, mbwa aliyelifuata mpaka barabarani. Dada akayaandika yote kwenye daftari la kurasa 96.

Shosho akalipapasa lile daftari. "Sasa hili," akauliza, "watakubali kuliweka pale kwa simba?"

Dada hakuwa na jibu. Kesho yake akalibeba, akapanda matatu ya tao.

Na shosho wako, nani ameandika yake?