Jembe la Mgeni

Mwenyeji haijui desturi yake mpaka mgeni aikosee. Mkorea apangaye nyumba Tegeta, katika Kinondoni, au Mbagala, katika Temeke, hujifunza neno hili mapema, nao majirani zake hujifunza pamoja naye.

Jambo la kwanza limstaajabishalo ni salamu. Kwao mtu humpita njiani asiyemjua bila ya neno, wala hapana aliyevunjiwa heshima. Hapa apitaye kimya mbele ya baraza yenye watu huhesabiwa kuwa na kiburi. Huulizwa habari za asubuhi, za nyumbani na za kazi; naye hudhani anapelelezwa, kumbe jibu linalotakiwa ni "nzuri" tu. Saa nayo humpoteza: aalikwapo saa moja jioni, hubisha hodi saa saba mchana.

Lakini shikamoo haimshindi. Lugha yake yenyewe hugeuza vitenzi kwa heshima ya umri, na Wakorea wakutanapo mara ya kwanza huulizana miaka ili wajue namna ya kusemezana. Kupokea kitu kwa mikono miwili alifunzwa utotoni, na mezani hujua kuwa mkubwa ndiye aanzaye. Bibi wa Mbagala apokeapo shikamoo yake huona mbele yake mtoto aliyelelewa.

Mtihani wenyewe ni msiba. Turubai hufungwa katikati ya njia, viti huazimwa, masufuria hutelekwa uani. Mgeni hujiuliza moyoni jinsi kifo cha mtu mmoja kiwezavyo kuziba njia ya watu wote. Kisha huona daftari juu ya meza, na mtu akiandika jina la kila atoaye rambirambi na kiasi chake. Hilo halimshangazi. Korea pia waombolezaji hutoa fedha ndani ya bahasha nyeupe, na wafiwa huyahifadhi majina yao ili nao warejeshe fadhila siku ya msiba wa mwingine. Tofauti ni mahali: katika miji yao matanga huwekwa aghalabu katika kumbi za hospitali, kwa desturi siku tatu, na mtaa usipate habari, hapa mtaa ndio ukumbi.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi hulifahamu neno hili kuwa ni onyo kwa mvivu. Lina maana ya pili iliyo bora zaidi: asiyepewa jembe hubaki mgeni daima. Mtu huweza kukaribishwa miaka mingi, akapewa kiti cha mbele na soda baridi, asijue kuwa kiti hicho ndicho kimtengacho. Siku aambiwapo abebe viti na atoe mchango kama wengine, jina lake likaandikwa katika daftari lile lile la majirani, ndipo aingiapo katika hesabu ya mtaa. Heri mwenyeji ampaye mgeni jembe, na heri mgeni alipokeaye kwa mikono miwili.