Huzuni Isiyoondoka na Tiba ya Umeme



Juma hili tumeona vyema tuzungumze juu ya maradhi ambayo nyumba nyingi huyafungia chumbani: sonona, yaani huzuni nzito inayomshika mtu kwa majuma na miezi, ikamwondolea usingizi, hamu ya chakula na hata hamu ya kuishi. Na katika tiba zake tutaitaja ile inayowatisha watu kwa jina tu, nayo ni tiba ya umeme.

Jambo hili lilitufikia kupitia nyumba ya mpwa wetu, mtaa wa Kaloleni, Eastlands, Nairobi. Mkewe, mama wa watoto watatu, alikuwa mwezi wa pili hasemi ila kwa kubembelezwa. Alipewa vidonge vya aina moja, kisha vya aina nyingine, havikumfaa. Kisomo kilisomwa, kombe likanywewa. Mwishowe akaacha kula, na maji akawa anayakataa. Hapo madaktari wakashauri umeme.

Dada yetu, ambaye ni mkwewe, akasema, “Ndugu yangu, huyu kapandwa na kitu. Umeme utamuua yeye, na jini atabaki.” Mpwa wetu naye akauliza kwa sauti ya chini, “Mjomba, nikikubali, nitakuwa nimemkosea Mola?”

Hofu yao ina asili yake. Katika mitaa ya Eastlands, kuanzia Pumwani hadi Umoja, kumwambia mtu kwamba anastahili Mathari ni tusi. Hospitali hiyo, iliyo ng’ambo ya bonde la Mathare, ilianza mwaka 1910 kama nyumba ya kuwaweka wendawazimu chini ya utawala wa Waingereza. Daktari J. C. Carothers, aliyeisimamia kwa miaka mingi tangu 1938, aliandika kitabu kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953. Humo alidai kwamba Mwafrika haitumii ipasavyo sehemu ya mbele ya ubongo wake, na kwamba sonona ni adimu kwake. Wataalamu wamekwisha kuyakataa madai hayo. Hata hivyo, mangapi kati yetu tunayarudia bila kujua, tunaposema kwamba huzuni ni maradhi ya Wazungu, au kwamba mwenye imani hapatwi nayo?

Wanazuoni wetu wa kale hawakusema hivyo. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika juu ya afya ya mwili na nafsi, akatofautisha huzuni yenye sababu inayojulikana, kama msiba, na huzuni inayomjia mtu bila sababu ya dhahiri. Hii ya pili aliiona ina asili katika mwili, na akaona kwamba yataka tiba ya mwili pia. Na nani aliyekuwa na imani kuliko Nabii Yaaqub (A.S.), ambaye macho yake yaliingia weupe kwa huzuni?

Ama tiba yenyewe, ilianzishwa Roma mwaka 1938 na Ugo Cerletti na Lucio Bini. Siku zile mgonjwa hakulazwa usingizi, na wako waliovunjika mifupa kwa kutetemeka. Habari za siku zile ndizo zinazosimuliwa hadi leo. Lakini sasa mgonjwa hulazwa kwa dawa ya usingizi na misuli yake hulegezwa. Umeme kidogo hupitishwa kichwani kwa sekunde chache, ubongo ukapatwa na degedege ambayo kwa kawaida haifiki dakika moja au huipita kidogo. Hufanywa mara mbili au tatu kwa juma, na aghalabu jumla yake ni mara 6 hadi 12.

Nini hutokea ndani ya ubongo? Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Aberdeen, Uskoti, walichapisha habari za wagonjwa 9 wa sonona kali, waliopigwa picha za ubongo kabla ya tiba na baada yake. Waliona kwamba mafungamano ya sehemu ya mbele, upande wa kushoto, na sehemu nyingine za ubongo yalipungua baada ya tiba, na dalili za sonona zikapungua pia. Hilo liliipa nguvu rai kwamba katika sonona sehemu za ubongo hufungamana kupita kiasi. Mfano wake ni nyumba mbili zenye ukuta mmoja mwembamba: huzuni ya huku husikika kule, kule nako kukajibu, usiku kucha pasiwe na atakayelala. Wagonjwa 9 ni wachache, na wataalamu wangali wakijadiliana juu ya namna tiba hii inavyofanya kazi. Lakini hapana shaka kwamba inaugusa mwili, na kwamba ubongo ni kiungo kinachougua na kutibiwa kama moyo na figo.

Basi tulimjibu mpwa wetu kwamba Mtume (S.A.W.) ametuamrisha kujitibu, na kwamba dawa haigombani na dua. Palipo na hofu ya mtu kufa, kuiacha tiba inayotarajiwa kumfaa ni jambo zito zaidi kuliko kuikubali. Tulimwambia pia amwulize mkewe mwenyewe, maana Sheria ya Afya ya Akili ya Kenya, iliyorekebishwa mwaka 2022, inalinda haki ya mgonjwa kuelezwa na kuridhia. Aliulizwa, akatikisa kichwa kukubali.

Baada ya mara ya nne aliomba uji. Baada ya mara ya nane aliwasuka binti zake. Lakini hatutaficha gharama yake. Arusi ya wifi yake, iliyofanyika siku chache kabla hajaugua, haikumbuki kabisa. Huonyeshwa picha akajiona anacheka, na jambo hilo humuuma. Kupotewa na kumbukumbu za siku zilizo karibu na tiba ni madhara yanayojulikana, na familia haina budi kuambiwa mapema. Tena takribani nusu ya waliopona hurudiwa na maradhi katika mwaka wa kwanza. Ndiyo maana angali anameza vidonge na kwenda kliniki.

Enyi mama zetu na dada zetu, mkimwona mmoja wenu amenyamaza, haogi, hali, hawatazami wanawe, msianze kwa kumpima imani. Msomeeni, na mpelekeni kwa daktari. Waulizeni madaktari watafanya nini, mara ngapi, na kwa madhara gani. Akirudi nyumbani, asiitwe jina la hospitali.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu na awape subira wanaowauguza. Amin. Wallahu aalam.